Seva ikifa nusu: kuilinda dashibodi ya kiwanda isidanganye

Kila nikikaa na mameneja wa viwanda swali linakuja lile lile, "injinia, tununue seva ya pili?" na jibu langu ni ndio, nunueni, ila kwanza tuongee hiyo ya pili itajuaje kwamba ya kwanza imeshindwa kazi, maana hapo ndo hela nyingi zinaenda bure. Wengi wanapiga picha ya seva inayozima kabisa, taa zimezimika, feni imenyamaza, ya pili inashika usukani. Kufa kwa namna hiyo kupo, na kiukweli ndo kwepesi kuliko kote. Kubaya ni kule kwa kufa nusu: mashine inawaka, ukiipiga pingi (ule ujumbe mfupi wa kuuliza upo?) inajibu, ukurasa wa dashibodi uko wazi pale kwenye skrini kubwa, lakini namba unazoziona ni za dakika ishirini zilizopita na hakuna mtu chumbani anayejua.

Kwa ambao hawako kwenye haya mambo niweke sawa kidogo. Mitambo yenyewe inaendeshwa na PLC, kile kikompyuta kigumu kinachokaa ndani ya paneli, kinasoma sensa, kinawasha na kuzima mota, hakisubiri mtu. Dashibodi iko juu yake. Kuna programu ya kukusanya inayozivuta namba kutoka kwenye PLC, mara nyingi kwa lugha za mitambo kama Modbus kupitia poti 502 au OPC UA kupitia poti 4840 (poti ni namba ya mlango wa netiweki), inaziandika kwenye databesi, halafu programu nyingine inazichora ili opareta azione. Kwa hiyo dashibodi ikizima kiwanda hakisimami, na hiyo ndo sababu mabosi wengi wanaiweka mwisho kabisa kwenye bajeti, wanasema si mashine zinaendelea tu. Zinaendelea ndio, ila sasa zinaendelea bila macho.

Chukua kiwanda cha kusaga ngano. Ngano inamwagiwa maji inaachwa ilale mpaka unyevu ufike karibu asilimia 16 ndo inaenda kwenye roli, juu kuna masilo ambayo lazima ujue yamejaa kiasi gani, na kuna zile lifti za ndoo zinazopandisha nafaka ghorofa kwa ghorofa, zina beringi juu na chini. Beringi ya lifti ikianza kuchemka sio ishu ya matengenezo peke yake, vumbi la nafaka likiwa hewani ndani ya lifti na likikutana na chuma cha moto linaweza kulipuka, viwanda vya nafaka duniani vimeua watu kwa njia hiyo. Sasa opareta wa shifti ya usiku anaangalia skrini anaona beringi nyuzi 48, anatulia, kumbe hiyo 48 ni ya saa mbili usiku na sahivi ni saa tatu kasoro. Mi siwezi kuliita hilo tatizo la kompyuta.

Mfano ninaoutoa kila mahali ni wa Ohio, Marekani, tarehe 14 Agosti 2003. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilikuwa na chumba cha kuongozea gridi, yaani mtandao wa laini za umeme, na humo walitumia mfumo wa kampuni ya GE unaoitwa XA/21, una seva kuu na seva ya akiba kama inavyotakiwa, kila kitu kimekaa vizuri kwenye karatasi. Saa 8:14 mchana kwa saa za kule, ile sehemu ya mfumo inayotoa alamu iliganda. Haikuzima, iliganda. Haikulia, haikuandika kitu, haikumwambia mtu yeyote kwamba mimi sifanyi kazi tena, na kwa maopareta alamu zikinyamaza maana yake gridi imetulia. Kazi zikaanza kurundikana nyuma ya ile programu iliyoganda mpaka saa 8:41 seva kuu ikaanguka, na hapo seva ya akiba ikafanya kile kile ilichojengwa kufanya, ikapokea kazi zote za mwenzake pamoja na ile programu ya alamu ikiwa imeganda vile vile. Saa 8:54 nayo ikaanguka. Skrini ambazo kawaida zinajichora upya ndani ya sekunde moja hadi tatu zikawa zinachukua mpaka sekunde 59. Watu wa IT walipata taarifa kwamba seva zimeanguka, wakaziwasha upya saa 9:08, wakaona zimewaka, ila hawakuhakikisha na maopareta kama alamu nazo zimerudi.

Na huko nje laini za kilovolti 345 zilikuwa zinalegea kwa mzigo na joto mpaka zinagusa miti, ya kwanza ikakatika saa 9:05, nyingine 9:32, nyingine 9:41. Chumbani kimya. Watu wa gridi za jirani walikuwa wanapiga simu kusema huku kwetu tunaona mambo hayako sawa, maopareta wa FirstEnergy wakiangalia skrini zao wanaona shwari. Saa 10:05 jioni laini ya Sammis hadi Star ikaachia na kuanzia hapo hakuna aliyeweza kuzuia kitu, ilipofika saa 10:13 watu kama milioni 50 wa kaskazini mashariki mwa Marekani na jimbo la Ontario kule Kanada hawana umeme. Baadaye GE waliichimba ile programu wakakuta ni kasoro kwenye maandishi ya programu yenyewe, sehemu mbili zinagombania kuandika data moja kwa wakati mmoja, inatokea mara chache mno na siku hiyo ndo ikatokea.

Miti na mambo mengine yalichangia sana, sisemi kompyuta peke yake ndo ilizima umeme. Ila kwa mtu anayejenga seva mbili mbili hapo kuna jambo moja zito, kwamba kuhama kulifanyika vizuri kabisa na hakukusaidia chochote, kwa sababu kilichohamishwa ni ugonjwa.

Sasa nije kwenye ninavyopanga mimi. Viwanda vyenye bajeti nzuri vinanunua mfumo wa dashibodi kama Ignition ambao umekuja na utaratibu wake, seva mbili, moja kuu na moja akiba, unachagua akiba ikae baridi (bila kusoma mitambo mpaka ihitajike) au vuguvugu (ikiwa inasoma tayari), unachagua namna ya kutunza historia wakati kuu haipo, na madirisha ya waendeshaji yanajihamisha yenyewe. Ni kitu kizuri, ila databesi ya nje bado ni juu yako, wengi wanasahau hapo. Viwanda vingi ninavyofanyia kazi mimi hawana hiyo bajeti kwa hiyo tunatumia vitu vya bure: Telegraf kukusanya, PostgreSQL kutunza, Grafana kuchora, na keepalived ya kuhamisha anwani. Seva ni mbili za kawaida kabisa, kila moja ina Telegraf yake na Grafana yake, na juu yao kuna anwani moja ya IP ambayo haina mwenyewe wa kudumu, inakaa kwa aliye mzima. Opareta anaijua hiyo moja tu, na skrini zote zinafungua hiyo hiyo.

Keepalived inafanya kazi kwa itifaki ya VRRP, mwenye anwani anatangaza kila sekunde moja kwamba nipo, na akikaa kimya kama sekunde tatu na ushei mwenzake anaichukua. Hii inamaliza kabisa ile kesi ya seva kuzima au kebo kuchomoka. Kwa kufa nusu haisaidii hata kidogo, kwa sababu keepalived inaweza kuwa nzima kabisa inaendelea kutangaza nipo nipo huku Grafana pembeni yake imeganda, ni sawa na mlinzi aliyelala huku redio yake inajibu.

Kwa hiyo kazi kubwa iko kwenye skripti, yaani kiprogramu kifupi, ya kupima uzima ambayo keepalived inaiendesha, na hapa naomba mtu asipite haraka. Watu wengi wanaandika skripti inayoangalia kama poti 3000, mlango wa Grafana, iko wazi. Haitoshi, nitaeleza mbele kwa nini. Yangu inauliza mambo mawili kila baada ya sekunde 5. La kwanza, Grafana ijibu kweli kwenye /api/health, anwani yake ya kuulizia kama ni nzima, ndani ya sekunde 2, ikichelewa hesabu imeshindwa, na hiyo sekunde 2 ni lazima uiandike, vinginevyo skripti yenyewe itakaa inasubiri jibu na yenyewe inaganda. La pili, inaenda kwenye databesi inauliza namba ya mwisho kuandikwa na Telegraf ya seva hii hii ina umri gani, ikizidi sekunde 10 imeshindwa. Umri wa namba ndo kipimo changu cha msingi, sijali mashine inasema iko salama kiasi gani, nataka kujua mara ya mwisho imeleta kitu kipya ni lini.

Kuna mtego hapo. Kwenye keepalived usipoweka uzito (namba inayoongezwa au kukatwa kwenye kipaumbele cha seva), skripti ikishindwa ile seva inajitoa kabisa na kuiachia anwani. Sasa fikiria PLC yenyewe imekatika netiweki, namba zinachakaa kwenye seva zote mbili kwa pamoja, zote zinajitoa, anwani haina mtu na opareta anabaki na ukurasa mweupe. Dawa yake ni kuweka uzito hasi. Seva ya kwanza naipa kipaumbele cha 150, ya pili 140, mwenye kikubwa ndo anashika anwani, anayeshindwa kipimo anakatwa 20. Ikishindwa ya kwanza peke yake inabaki na 130, ya pili ina 140 inachukua. Zikishindwa zote zinakuwa 130 na 120, anwani inabaki pale pale ilipokuwa na dashibodi inaendelea kuonekana, na kwenye hali kama hiyo dashibodi ndo inatakiwa iseme kwamba PLC haipatikani. Nasubiri zishindwe mara tatu mfululizo kabla ya kukata, na ili kurudi nadai zifaulu mara 60 mfululizo, yaani dakika tano nzima, la sivyo seva inayoyumba inaurusha usukani huku na huku kila baada ya sekunde kadhaa na skrini zinapepesa mpaka opareta anaichukia hiyo kitu.

Databesi nayo ina maisha yake. Grafana ukiiinstoli hivi hivi inatunza mambo yake kwenye SQLite, faili moja kwenye diski ya mashine hiyo hiyo, kwa hiyo ukiwa na Grafana mbili una dashibodi mbili tofauti, mtu anarekebisha grafu leo, seva ikihama kesho marekebisho hayapo. Lazima uziambie zote zitumie PostgreSQL moja na uzipe secret_key moja, ule ufunguo wa siri unaofungia nywila, vinginevyo ya pili itashindwa kufungua nywila za vyanzo vya data. Faida nyingine ni kwamba hata kulogini kunatunzwa humo, seva ikihama opareta haombwi nywila upya, jambo dogo lakini saa nane usiku sio dogo.

PostgreSQL inanakili kutoka seva moja kwenda nyingine, na wa kuamua nani ni mkuu ni Patroni, programu ya kusimamia PostgreSQL, ikisaidiwa na etcd, ambayo inatunza makubaliano ya mashine kwa kura. Hapo ndo mameneja wanashangaa, umesema seva mbili mbona unaomba na ya tatu? Ni kwa sababu ya kura. Wakiwa wawili na waya kati yao ukakatika, kila mmoja anaona mwenzake amekufa, kila mmoja anajitangaza mkuu, na data zinaanza kuandikwa sehemu mbili ambazo hazitaungana tena. Etcd inataka wengi wakubali, kwenye watatu wengi ni wawili. Kwenye wawili wengi ni wawili pia, kwa hiyo etcd ya mashine mbili ni mbaya kuliko ya mashine moja, akikosekana yeyote kazi inasimama. Ya tatu haihitaji nguvu, kompyuta ndogo ya ofisini yenye diski ya kueleweka inatosha, inapiga kura tu. Ila isikae chumba kimoja na hizo mbili.

Kuhusu kunakili kwa kusubiriana au kutosubiriana mimi nachagua kutosubiriana. Kwenye PostgreSQL ya kawaida ukiiambia isikubali kuandika mpaka nakala ithibitishe, na nakala ni moja, siku nakala imezima kuandika kunasimama pia, umeongeza seva na umeongeza sababu ya kusimama. Kwa namba za sensa kupoteza sekunde chache navumilia, kwa hesabu za mauzo nisingevumilia. Na kunakili sio bakapu jamani, mtu akifuta jedwali kwa bahati mbaya linafutika na kule kwenye nakala muda huo huo, bakapu ya kila usiku inabaki pale pale.

Kuna hesabu moja inawapita wengi. Patroni kwa mpangilio wake wa kawaida inampa mkuu muda wa sekunde 30 kabla ya kuamua hayupo, kwa hiyo databesi ikihama una kama nusu dakika ambayo hakuna pa kuandika. Telegraf inazishika namba kwenye kumbukumbu yake ikisubiri, lakini kiwango chake cha kawaida ni metriki (vipimo) 10,000, na ukiwa unasoma metriki 500 kila sekunde hiyo inajaa ndani ya sekunde 20, baada ya hapo inaanza kutupa za zamani. Ukipandisha metric_buffer_limit mpaka 200,000 unapata zaidi ya dakika sita, na databesi ikirudi zinaandikwa zote na muda wake halisi, grafu haina hata pengo. Mstari mmoja wa konfigi.

Telegraf zote mbili zinasoma PLC muda wote, kwa hiyo mzigo kwa PLC ni mara mbili, na PLC nyingi hasa za zamani zinakubali watu wachache tu kuunganisha kwa wakati mmoja. Uliza mwongozo wake kabla hujawasha ya pili, usije ukakuta seva ya akiba imemfungia nje fundi anayetaka kuingia na laptopu yake.

Umeme sitauongelea sana maana kila mtu wa huku anaujua. Seva mbili kwenye UPS moja (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na swichi moja ni seva moja iliyogharimu mara mbili. Na hilo la kuweka mashine pepe mbili (kompyuta za kuigizwa na programu) ndani ya boksi moja la chuma halafu mtu anachora kwenye ripoti kama seva mbili, hilo linaniuma kabisa, kwa sababu mwenye kiwanda ameamini na amelipa.

Alamu nazo, Grafana mbili zisipojuana zinatuma meseji mbili kwa kila tukio, ziunganishe kwenye poti 9094 ziongee, zinapeana taarifa za walichokwisha kutuma na inaenda meseji moja. Opareta anayepata meseji mbili mbili kila siku anaacha kuzisoma.

Kupima sasa. Sikubali kukabidhi mfumo mpaka nimepima mchana, shifti ikiwa kazini, opareta akiwa amekaa mbele ya skrini. Kuchomoa kebo ya umeme kila mtu anafanya, mi nafanya na kile kingine: naingia kwenye seva ya kwanza natuma kill -STOP kwa Grafana. Hiyo amri haiui programu, inaigandisha ilipo. Ukiangalia orodha bado ipo. Ukijaribu poti 3000 inakubali kuunganishwa, kwa sababu anayekubali pale ni kaneli ya Linux yenyewe, kiini cha mfumo wa kompyuta, programu haijui hata kama kuna mtu amebisha hodi, na ndo maana nikasema skripti ya kuangalia poti haitoshi.

Kwenye kiwanda kimoja aliyekuwa zamu ni dada mmoja mwenye miaka mingi pale, nikamwambia dada, nitaivuruga hii kitu, we endelea na kazi zako ila ukiona chochote sema. Nikatuma. Skrini haikubadilika hata kidogo, namba zote zipo, rangi zote za kijani, silo namba tatu asilimia 62. Meneja akauliza umeshafanya? Yule dada akasema, "Injinia, imeshaganda hiyo. Kihesabu kimesimama." Alikuwa anaangalia kona ya juu kulia ambako tumeweka namba inayotoka kwenye PLC, inaongezeka moja kila sekunde, haina kazi nyingine yoyote. Baada ya kipimo kushindwa mara tatu anwani ikahamia seva ya pili, kihesabu kikaruka mbele kikaendelea, silo ikasoma 63.

Hicho kihesabu nakitetea kuliko kitu kingine chochote kwenye mfumo mzima. Watu wanapenda kuweka maandishi mekundu yatokee namba zikichakaa, weka, ni sawa, lakini anayechora hayo maandishi mekundu ni ile ile programu inayoweza kuganda, na ikiganda haitachora kitu. Skrini iliyoganda ina uwezo wa kukuambia kitu kimoja tu, kwamba hakuna kinachotembea, kwa hiyo lazima kuwe na kitu ambacho siku zote kinatembea. Pale FirstEnergy hakikuwepo kitu cha namna hiyo kwa upande wa alamu, ukimya wa salama na ukimya wa kuganda vilifanana.

Kama bajeti ya seva ya pili bado haijapita kwenu, hiki hakisubiri bajeti. Mwombe fundi wa PLC aongeze rejista moja (sehemu ndogo ya kumbukumbu ya PLC) inayohesabu kila sekunde na kuanza upya ikifika 9999, isome na Telegraf kama namba nyingine yoyote, iweke kona ya juu kwa maandishi makubwa kwenye kila skrini, halafu kaa na kila shifti uwaambie ikisimama wampigie nani, na waende kusoma kwenye geji za mtamboni mpaka itakapoanza kutembea tena.